UZI: Waacheni fada na reverendi wakae pamoja Jumatatu jioni

KatekistaMpakani (mwanzisha uzi)

Wadau salaam. Mimi ni katekista huku Bukedi, upande wa mpakani kati ya Tororo na Busia, kazi hii nimeifanya miaka 19 sasa, na leo naandika nikiwa na uchungu kwa hiyo mnivumilie maneno yakiwa marefu.

Jana tulikuwa na kikao cha baraza la parokia. Tumezungumza bati za kigango kimoja, yaani kanisa dogo la parokia, hesabu za mavuno, watoto wa kipaimara, yote yakaenda vizuri. Tulipofika kwa yale mengineyo mzee mmoja akasimama, mtu wa heshima kabisa, zaka yake halipi kwa kusukumwa, akasema waumini wananung'unika. Ati fada anaonekana kwa reverendi, yule mchungaji wa Waanglikana wa ng'ambo ya barabara, kila Jumatatu jioni, pikipiki yake inakaa pale mpaka saa tatu usiku, sasa watu wanauliza huyu ni padri wetu ama ni wa kwao. Akapendekeza baraza limwandikie fada barua ya heshima apunguze. Na watu wakapiga makofi. Fada hakuwepo, alikuwa ameitwa kwa mgonjwa. Tumeahirisha, Jumapili ya pili tunarudi kuamua.

Mimi sikulala. Kwa sababu hawa waliopiga makofi hawajui kile mimi nimeona kwa macho yangu, na kwenye kikao nilishindwa kukisema maana sauti ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo nakiandika hapa kwanza.

Parokia yetu ina vigango 17. Zamani mapadri walikuwa wawili, mdogo akahamishwa kwenda mahali pengine palipokuwa na shida zaidi, na mwingine hajaletwa. Fada anatoka asubuhi na pikipiki, misa mbili za vigango, mgonjwa, mazishi, kesi ya ndoa, anarudi vumbi mpaka kwa kope. Mwaka juzi mwezi wa tano nilipeleka orodha ya watoto usiku, saa tatu na nusu hivi. Mpishi anaondoka saa kumi na mbili kwa sababu naye ako na watoto wake. Nikamkuta fada amesimama kando ya meza, taa ya sola ameiweka juu ya boksi la mishumaa, anakula ugali wa muhogo umekauka juu mpaka umeota ngozi, maharage yamepoa, sahani iliyokuwa imefunika chakula ameiweka chini sakafuni. Meza ile ina viti sita. Vyote vilikuwa vimejaa makaratasi, magunia ya mahindi ya sadaka na kanzu zilizotoka kufuliwa. Nikamwambia fada ngoja nitoe hivi vitu ukae ule. Akanijibu, katekista, nikikaa nitasikia kabisa kwamba niko peke yangu.

Hiyo sentensi sijawahi kuisahau. Huyu ndiye mtu Jumapili mikono yote ya parokia inamsalimia. Kila anayemkaribia amebeba kitu chake, mtoto hana karo, bwana amekimbia, shamba limeingiliwa, nipe barua ya ubatizo. Nikijaribu kukumbuka mtu aliyewahi kumuuliza fada wewe leo umeamkaje, na akangoja jibu, nakosa. Na mimi mwenyewe sikuwa nauliza.

Naendelea hapo chini, nisubirini, betri iko mwisho.

KatekistaMpakani

Nimerudi. Sasa habari ya reverendi.

Kanisa la Uganda lao, yaani la Kianglikana, liko ng'ambo ya barabara, mita kama mia tatu. Sisi ambao tumezaliwa hapa tunajua hiyo barabara ni pana kuliko inavyoonekana. Babu zetu walirithi ugomvi ambao hata hawakuwepo ulipoanza. Vita vya Mengo, kwenye makao ya kabaka wa Buganda, ni Januari 1892, Wakatoliki wakiitwa Wafaransa na Waprotestanti wakiitwa Waingereza, watu weusi kwa weusi wanauana juu ya majina ya Ulaya, na ile moshi ikatembea mpaka huku kwetu mbali na Mengo. Senta yetu ni ndogo lakini ina shule mbili za msingi, moja ya huku moja ya kule. Kwaya mbili, spika mbili, zinaelekezeana. Babu yangu alikataa shangazi yangu kuolewa ng'ambo, na shangazi akazeeka bila kuolewa. Kwa hiyo yule mzee wa baraza hakutoa maneno yake hewani, namwelewa alikotoka.

Fada na reverendi mwanzoni walikuwa wanapungiana mkono tu, kila mtu na pikipiki yake.

Ikaja 2020. Tarehe 18 Machi Rais akatangaza makanisa na misikiti na shule vifungwe. Kwa mtu wa mjini hiyo ilikuwa habari ya corona, kwetu ilikuwa habari ya sufuria. Sadaka yetu nyingi si noti, ni mayai, kuku, miwa, ndizi, tunapiga mnada nje ya kanisa baada ya misa na hiyo pesa ya mnada ndiyo mafuta ya pikipiki na chumvi ya jikoni. Hakuna misa, hakuna mnada. Fada alikuwa na muhogo nyuma ya nyumba kwa hiyo njaa haikumuua. Reverendi ako na watoto watano, mama yao ana presha, na ng'ambo kule kuna kwota ya kupeleka dayosisi, waumini wasipoleta ni reverendi anabaki mikono mitupu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwezi wa nne, kama mnakumbuka, bodaboda zilikatazwa kubeba mtu, mzigo peke yake. Fada akaniita, katekista nitafutie kijana wa boda anayejua kunyamaza. Tukafunga gunia la muhogo mkavu, ndani tukaweka lita tatu za mafuta ya kupikia na dawa za presha ambazo sista wa zahanati alikuwa ametutafutia. Juu akabandika kipande cha boksi, ameandika SADAKA YA JUMAPILI. Jina hakuandika. Mimi nikashika gunia kijana akilikaza na mpira, tukalisukuma likaenda.

Kijana alinyamaza kweli lakini gunia lenyewe lilisema, maana magunia yetu yana alama ya parokia kwa rangi nyekundu na hakuna kati yetu aliyekumbuka. Wiki iliyofuata reverendi akaja kwa miguu, barakoa imepanda mpaka chini ya macho, amebeba jogoo. Alikuwa hajawahi kuingia kwenye ua wetu. Fada akatoa viti viwili akaviweka mbalimbali kwa veranda kama serikali ilivyosema, jogoo amefungwa mguu wa kiti. Wakakaa mpaka karibu na kafyu. Ilikuwa Jumatatu. Na ndiyo Jumatatu hizo mzee anataka tuziandikie barua.

MamaJumuiya_Mbale

Katekista umeniliza na hiyo ya kula amesimama. Kwetu padri alikuwa analalamikiwa ni mkali, ni mkali, anafukuza watu ofisini. Siku moja mama mmoja wa jumuiya akapeleka chakula cha watu wawili akakaa akala naye, na watoto wake wawili, yaani hakwenda kuomba kitu, amekwenda kula. Padri hakuongea sana siku hiyo lakini aliwauliza watoto majina mara mbili mbili. Sisi tunampikia padri akija kutembelea jumuiya, tunachinja, halafu tunamweka meza yake peke yake pale mbele na kitambaa cheupe, sisi wengine tunakula nyuma. Tunadhani ni heshima. Ile meza ya kitambaa cheupe mimi siku hizi siitaki.

KijanaWaStejini

Samahani katekista, mimi ni Mkatoliki na nasema yule mzee ana pointi yake. Si juu ya dini ya reverendi, hiyo haina shida kwangu. Shida yangu ni hawa viongozi wa dini wakishakuwa marafiki sana wanafichiana. Huyu akikosea yule ananyamaza, yule akila pesa za ujenzi huyu anasema ni maneno ya watu. Tumeona mambo kwenye makanisa, tusijifanye. Afadhali padri awe rafiki wa waumini wake tunaomwona mchana, kuliko rafiki wa mwenzake wanaokaa gizani saa tatu usiku. Nisahihishe kama nimekosea.

Frateri_Kimya

Naomba kuchangia kidogo, mimi ni mseminari, niko mwaka wa teolojia.

Hii si jambo la hiari ya padri anayependa kampani. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 280, inawahimiza sana makleri waishi kwa namna fulani ya pamoja, na kanuni ya 550 inamwambia askofu wa mahali asaidie paroko na wasaidizi wake wawe na maisha ya pamoja kwenye nyumba ya parokia pale inapowezekana. Mtaguso wa pili wa Vatikano, hati juu ya huduma na maisha ya mapadri ya Desemba 1965, namba 8, inagusa mpaka jambo la mapadri kukutana kwa furaha ili wapumzike. Kupumzika, imeandikwa. Tunafundishwa hivyo darasani, halafu tunapewa upadrisho, halafu mtu anapelekwa parokia yenye vigango 20 peke yake.

Kuhusu mchungaji wa Kanisa la Uganda, kanuni ya 908 inakataza padri kuadhimisha misa pamoja na mhudumu wa kanisa lisilo na ushirika kamili na letu. Hapo mpaka uko wazi. Lakini kusali pamoja, kusaidiana, kula, kuzikiana, hakuna aliyekataza, na kila Januari 18 mpaka 25 tunaombea umoja wa Wakristo, sasa tunaomba nini kama tukiuona tunaandika barua.

KatekistaMpakani

Frateri asante, hizo kanuni nitaziandika kwenye karatasi niende nazo kikaoni.

KijanaWaStejini, ndugu yangu, swali lako ni zuri na sitalikwepa. Nilikuwa sitaki kulisema hili lakini fada mwenyewe alilisema mimbarini Kwaresima iliyopita mbele ya watu wote kwa hiyo sifichui siri ya mtu.

Kuna kipindi fada alikuwa anakunywa. Simaanishi malwa ya kukaa na wazee kwenye chungu na mirija, hiyo kwetu ni mazungumzo. Alikuwa anakunywa waragi, pombe kali, peke yake usiku, mlango umefungwa. Mimi nilijua. Mpishi alijua, ndiye alikuwa anatoa nje chupa tupu. Mwenyekiti wa baraza alijua. Dekania nzima, yaani mapadri wa parokia za jirani, nafikiri walikuwa wanahisi. Sisi wote waumini wake unaotuita marafiki tulinyamaza, kwa sababu mimi nitamwambiaje fada, yeye ndiye anasaini barua yangu. Mapadri wenzake nao walinyamaza, na hao siwalaumu sana kwa sababu nyie hamjui ilivyo ngumu kumwambia mtu ambaye kesho mnaweza kupangiwa naye nyumba moja au mnaitazamia parokia moja nzuri ya barabarani. Halafu huwezi kumfungulia moyo dekano, mkuu wa dekania, bila kuwaza kwamba huyu ndiye anaongea na askofu.

Aliyesema ni reverendi. Alikuja Jumatano asubuhi, si Jumatatu, nilikuwa nafagia sakristia nikasikia. Hakupandisha sauti. Alimwambia, ndugu yangu unanuka tangu Pasaka na mimi nimechoka kujifanya sina pua. Nikasikia kimya kirefu sana. Halafu nikasikia fada analia, mtu mzima, sauti ya mtu aliyekaa nayo muda mrefu. Reverendi hakuondoka. Wiki ile alimpeleka mwenyewe kwa daktari na pikipiki yake, na miezi iliyofuata kila jioni alikuwa anapita dakika kumi, anapiga honi getini, fada anatoka, wanaongea wamesimama, anaondoka. Kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Alikuwa hana cheo chochote juu ya fada. Hawezi kumhamisha wala hana ripoti ya kumwandikia, na parokia hawagombei. Nadhani ndiyo sababu maneno yake yaliingia.

Sasa niambie, ni nani kati yetu alikuwa anaficha? Tuliokuwa tunamwona mchana ndio tulificha. Yule wa saa tatu usiku ndiye alisema.

KijanaWaStejini

Nimesoma mara mbili. Sawa katekista. Sikuwa najua. Bado nasema kuna wanaofichiana na tusifumbe macho, lakini huyu wenu hapana, huyu ni mtu.

MamaMchungaji_Kasese

Jamani na mimi niongee upande wa ng'ambo maana mnamsifu reverendi na ni vizuri, lakini naye anatoka nyumba gani? Mimi ni mke wa mchungaji miaka 22. Mume wangu ana parokia yenye makanisa tisa, kila moja na msomaji wake anayeongoza ibada, na wasomaji ndio wanabeba kazi kubwa bila mshahara, hiyo nayo ni habari ya siku nyingine. Watu wanafikiri mchungaji kwa sababu ana mke hana upweke. Ananiambia mengi lakini si yote. Kwota ikikosa kufika hanitazami usoni. Akiitwa kwa archidikoni, yaani mchungaji anayesimamia parokia za eneo chini ya askofu, anarudi anasema yote yako sawa halafu halali. Na mimi siwezi kwenda kwa akina mama wa Umoja, chama cha akina mama kanisani, kusema mume wangu halali, mimi ndiye mwenyekiti wao, kesho itakuwa kisimani.

Mwaka uliopita nilifanyiwa operesheni. Wachungaji wenzake walituma salamu kwenye grupu la WhatsApp, amina nyingi, mikono ya kuomba mingi. Mmoja tu alikuja. Alikuja na dumu mbili za maji akajaza pipa, akapasua kuni, akawapikia watoto chai, akasali sala fupi akaenda. Mume wangu mpaka leo akisema "rafiki yangu" bila jina, watoto wote wanajua ni nani. Kwa hiyo katekista usiposhinda hiyo barua mjue mnamnyang'anya na yule mama wa ng'ambo mwenye presha kitu fulani, si fada peke yake.

OdongWaKitgum

Mimi ni wa Kitgum, jeshini nimeongea Kiswahili miaka mingi ndiyo maana niko hapa. Nyie mnaongea juu ya urafiki wa watumishi wa Mungu, kwetu tuna mifano imezikwa udongoni.

Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista, wewe mwanzisha uzi ni watu wako. Walikuwa vijana wadogo kabisa, Jildo hata hakuwa amefika umri wa kuota ndevu. Padri alipotafuta mtu wa kwenda Paimol alijua kuna hatari, akawaambia. Daudi akakubali, Jildo akasema anaenda naye. Oktoba 1918 wakaja watu kumuua Daudi. Wazee wanasimulia Jildo alikuwa na nafasi ya kukimbia, akakataa, akasema tumefanya kazi moja, kama huyu anakufa kwa hiyo kazi na mimi pia. Wakawachoma mkuki wote wawili. Kanisa likawatangaza wenye heri tarehe 20 Oktoba 2002. Sisi tunasali kwao kama mashahidi na ni sawa, lakini mimi nikienda Paimol kile ninachowaza ni kwamba mtoto yule hakutaka rafiki yake alale peke yake.

Na si mbali na hapo, Mucwini, amelala askofu mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda, aliyeuawa wakati wa Idi Amin. Februari 16, 1977 alikwenda Nile Mansions, hoteli ya Kampala, na maaskofu wenzake, hawakumwacha aende mwenyewe, mpaka wakaambiwa kwa nguvu warudi nyumbani bila yeye. Mmoja wao, Silvanus Wani kutoka West Nile, ndiye akachukua kiti baada yake. Fikiria kukaa kwenye kiti cha rafiki yako.

KatekistaMpakani

Odong, ubarikiwe. Mimi katekista nilikuwa namjua Daudi kama sanamu ya ukutani. Hiyo ya kulala peke yake imeniingia.

Na mzee wetu akileta habari ya dini nitamkumbusha Namugongo, Juni 3, 1886, mashahidi wa Uganda walipochomwa moto. Ule moto haukuuliza nani wa Roma nani wa Uingereza, waliungua siku moja. Papa Francis alipokuja Novemba 2015 alipita kwanza kwa Waanglikana pale Namugongo ndipo akaja kwetu. Kama papa alivuka barabara, fada wetu ana kosa gani.

PadriBondeni

Sitasema niko wapi. Ni padri, miaka 11. Nimesoma hapa kimya tangu asubuhi.

Niliwahi kuishi nyumba moja na padri mwenzangu miezi minane bila kuongea isipokuwa ratiba. Tuliandikiana kwenye ubao wa jikoni. Misa ya kwanza wewe, mazishi mimi, gari halina mafuta. Ilianza na kitu kidogo sana mpaka ninaona aibu kukitaja, ilikuwa funguo ya stoo. Kila mmoja alikula saa yake. Waumini walikuwa wanatusifu eti mapadri wetu wana umoja, kwa sababu ratiba haikukosewa.

Usiku mmoja nikashikwa na malaria, ile ya kutetemeka mpaka kitanda kinapiga ukuta. Yeye chumba chake kiko upande wa pili wa ukuta huo. Akaja. Hakuniuliza kitu. Akanifuta matapishi kwa taulo lake yeye, nakumbuka lilikuwa la bluu, akaniwekea ndoo, akakaa kwenye kiti mpaka alfajiri halafu akaenda kusoma misa yangu na yake. Niliporudiwa na akili nikamwomba anisikilize maungamo, na kitu cha kwanza nilichokiri ni funguo. Akaniambia ngoja na mimi nina zamu yangu.

Alihamishwa mwaka uliofuata. Uhamisho hauulizi. Barua inakuja, wiki mbili, unapakia. Tunapigiana Alhamisi, akikosa mtandao ananitumia neno moja tu, "nipo". Katekista mwambie yule mzee kwamba padri anayekwenda kwa rafiki yake Jumatatu atarudi kwenu Jumanne. Mimi niliyekuwa siendi popote nilikuwa sipo hata nikiwa altareni.

MamaJumuiya_Mbale

Padri pole sana. Na asante. Tunakuombea na huyo wa Alhamisi.

Teso_Mkulima

Swali la vitendo. Sisi waumini tufanye nini sasa maana kuandika hapa ni rahisi. Mimi niko kamati ya fedha na mafuta ya pikipiki tunayahesabu kwa lita, kuna mtu lazima atauliza lita za Jumatatu zinakwenda wapi.

KatekistaMpakani

Mkulima, kwetu kutoka kwa fada kwenda kwa reverendi ni kuvuka barabara, lita hazihusiki. Lakini kwa parokia ambayo rafiki wa padri ako kilomita 30, mimi nasema yaandikwe kwa kitabu wazi, mafuta ya kumtembelea padri mwenzake, na kamati ipitishe kama inavyopitisha mafuta ya kwenda kwa mgonjwa. Kwa nini iwe siri. Kikiwa kitabuni hakuna wa kunung'unika.

Kingine ni simu. Fada akienda pale Jumatatu sisi ndio tunampigia. Mimi ni wa kwanza. Cheti kimepotea, kwaya wamegombana, mtu ameuliza misa ya shukrani bei gani. Nilihesabu Jumatatu moja kwenye simu yangu nikakuta nimempigia mara nne kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, na hakuna hata moja ambayo ilikuwa mgonjwa wa kufa. Nimeona aibu ya kweli. Anayepumzika siku moja kwa wiki, na nusu yake nimeila mimi.

Na mpishi. Tumezungumza naye, Jumatatu apike vya watu wanne, kwa sababu wiki nyingine reverendi na mama na mtoto mdogo ndio wanakuja huku. Na viti vimeondolewa magunia. Magunia tumeyapeleka stoo ambako yalitakiwa kuwa tangu zamani.

Frateri_Kimya

Katekista tunangoja matokeo ya kikao.

KatekistaMpakani

Wadau, samahani kwa kimya, nilikuwa na mazishi mawili wiki hii.

Kikao kimefanyika. Nilisimama na karatasi yangu lakini baada ya dakika mbili niliiweka chini nikawasimulia habari ya sahani sakafuni na viti sita. Ya waragi sikuirudia kwa sababu wote waliisikia kwa masikio yao, niliuliza tu, ni nani kati yetu hapa alimwambia fada wakati ule. Kimya. Mwenyekiti akainamisha kichwa. Mpishi wetu, ambaye si mjumbe, alikuwa anapitisha chai, akasimama na birika mkononi akasema mimi nilikuwa natoa chupa. Alisema hivyo tu, akaendelea kumimina.

Yule mzee hakubadilika papo hapo, na sitaki kuwadanganya. Aliuliza maswali, aliuliza kama fada atawazika watu wao na sisi tukabaki. Tukamweleza. Mwisho akasema barua iachwe, lakini akaomba ruhusa akamsalimie reverendi yeye mwenyewe kwa niaba ya baraza, maana amekaa senta hiyo miaka yote hajawahi kuingia ua wa ng'ambo. Amekwenda Ijumaa na mkungu wa ndizi. Mimi sikuwepo, sijui waliongea nini, nimeambiwa alikaa.

Jana Jumatatu nilikuwa natoka kigango cha chini na baiskeli, saa moja na nusu jioni, giza linaingia. Mfukoni nina matangazo ya ndoa matatu ya kusainiwa na fada, na bwana harusi mmoja amenipigia mchana kutwa. Nikapita pale kwa reverendi. Pikipiki mbili zimeegeshwa chini ya mwembe, taa iko kwa veranda, mtoto mdogo amelala kwenye mkeka. Reverendi ameshika kiatu cha fada anakishona, fada amekaa miguu pekupeku anamenya machungwa, redio inaongea polepole.

Sikusimama.